Sanduku Lililorudi Jepesi

Habari iliingia uani asubuhi, ikiletwa na Mama Mkaa pamoja na debe lake la kwanza la siku.

"Shoga, umesikia? Bi Solo anaolewa."

Mama Kibonge alikuwa akisuuza nguo za mtoto, povu limemfika viwikoni. "Anaolewa na nani?"

"Na nani tena! Yule mwanamume wa kofia, wanayemwita Rithimu. Jana saa kumi nimeona kwa macho yangu haya, si ya kuazima. Wanaume wawili wametoa sanduku la nguo chumbani kwake, wamelipandisha kwenye mkokoteni, wanahema kama wamebeba kisima. Na bibi harusi mwenyewe yuko nyuma, 'Polepole jamani, msilitikise.' Sasa nguo gani hizo zisizotaka kutikiswa?"

"Labda vyombo."

"Vyombo! Mwanamke wa miaka sitini na mbili akitoa sanduku nje, huyo anahama. Mimi nguo yangu ya harusi nimeshainyoosha."

Mama Kibonge alicheka tu, akaendelea kukamua. Kama kulikuwa na mtu aliyejua kilichomo ndani ya sanduku lile, ni yeye. Chumba chake na cha Bi Solo viligawanywa na ukuta mwembamba wa matofali, na tangu ahamie hapo na mumewe dereva wa malori, akiwa na mimba ya miezi saba, sanduku lile lilikuwa likimngurumia mgongoni kila alipojinyoosha mchana.

Halikuwa la nguo. Lilikuwa amplifaya ya gitaa, ya zamani, ya zile zinazofanya kazi kwa taa za vioo badala ya vidude vidogo vya siku hizi. Ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, imevikwa ngozi bandia ya rangi ya kahawa iliyochanika pembeni, na mbele ina kitambaa kilichosukwa kama mkeka. Nyuma ilikuwa na bati lenye matundu. Ikiwashwa, katika matundu yale ulionekana mwanga wa rangi ya chungwa, taa nne zimesimama mstarini kama watoto wa shule wanaosubiri kengele.

Bi Solo alikuwa mshonaji. Jina lile alilipata ujanani, alipokuwa akipiga gitaa la solo kwenye bendi ya wanaume watano, yeye akiwa wa sita. Bendi ilipovunjika kila mmoja aliondoka na chombo chake. Yeye aliondoka na gitaa na amplifaya, akajifunza cherehani, akavipanga vyote katika chumba kimoja: kitanda nyuma ya pazia, cherehani dirishani, amplifaya katikati, na kigoda cha wateja nyuma ya amplifaya kwa sababu hakukuwa na pengine pa kukiweka.

Kila siku yake ilianza namna moja. Alichomeka pasi, akabonyeza swichi ya amplifaya, kisha akakaa kujaza uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha cherehani. Chombo kile hakikusema papo hapo. Kilitaka kupata moto kwanza. Bobini ilipojaa, ndipo ngurumo ilipoanza, chini chini, kama paka aliyeshiba.

"Bobini moja," alimwambia Mama Kibonge siku ya kwanza alipomwona amesimama mlangoni na gauni la kupanuliwa. "Haipungui, haizidi. Hiki si kitu cha kukurupuka, mwanangu. Kinawaza kwanza, ndipo kinasema. Wangapi unawajua wa hivyo?"

"Mume wangu hasemi hata akishawaza, shangazi."

"Huyo mpe bobini mbili."

Wakawa marafiki kuanzia hapo. Mtoto alipozaliwa, mnene mpaka jina lake la kweli likasahaulika siku ya tatu, Mama Kibonge alizoea kwenda kunyonyeshea pale kigodani. Kibonge akinyonya jicho moja liko kwa mama, la pili liko kwenye zile taa nne. Ngurumo ikimwingia alilegea mikono, kisha miguu, kisha midomo. Wanawake wa uani walimwonea wivu Mama Kibonge. Watoto wao walitaka kubembelezwa, kurushwa, kutembezwa. Wa kwake alitaka umeme tu.

Bi Solo akimaliza nguo moja, kabla hajashika nyingine, alipiga wimbo mmoja. Mama Kibonge aliishia darasa la saba na muziki hakuujua ila wa kusikia, lakini tofauti aliisikia. Redio ya Mama Mkaa ilikuwa na magitaa pia, ila yale yalisema kama mtu anayesoma tangazo. La Bi Solo lilikuwa na pumzi. Ukigusa waya kidogo lilinong'ona. Ukiukandamiza lilikwaruza, kama mtu aliyekuwa akitaka kulia akajizuia. Na kulikuwa na sauti moja ya chini kabisa ambayo kila ilipopigwa ilitetemeka ikatoa mvumo mdogo puani, kama mtu mwenye mafua.

"Hiyo ni bitana," Bi Solo alimweleza. "Tulikuwa safarini, mguu wa kiti ukaingia kwenye spika, karatasi ikachanika. Na watu wameshajaa ukumbini. Nikachana bitana ya gauni langu la jukwaani, nyekundu, nikabandika kwa gundi. Rithimu, mpigaji wetu wa gitaa la rithimu, amenishikia tochi saa nzima, mkono hautikisiki, mpaka ikakauka. Usiku ule tulipiga! Akasema, 'Dada, usiibadilishe karatasi hiyo maisha yako yote, imeipa mashine koo la mtu.'" Akacheka, akafuta kidole juu ya vumbi la sanduku. "Mimi nikikiwasha hiki sikai peke yangu. Nawasikia wote watano. Huyu wa ngoma anakohoa, yule wa besi anachelewa kama kawaida yake."

Kwa hiyo Rithimu aliporudi mwanzo wa mwezi ule, baada ya miaka kumi na moja bila hata salamu, Bi Solo alimpokea kama mtu aliyetoka dukani. Rithimu alivua kofia, akakaa kwenye kigoda, akaligusa sanduku.

"Dada, bado unalo."

"Niliweke wapi?"

Alileta neno kubwa. Bendi inarudi. Ukumbi umepatikana, Jumapili moja alasiri, na watu wa zamani wanaulizia. Wote watano wapo. "Na wa sita ni wewe, dada, bila wewe hakuna bendi." Alitaka mambo mawili tu. La kwanza, awashonee mashati ya kufanana, ya bluu. La pili, sanduku liende kwa fundi mmoja anayejua mashine za zamani, lisafishwe, lisije likawaaibisha jukwaani.

Basi hiyo ndiyo harusi ya Mama Mkaa.

Wiki mbili Bi Solo alishona mashati sita. Alipima, akakata, akadarizi mfukoni gitaa dogo la uzi mweupe. Mazoezi je? Rithimu alisema wanaume wanakutana kwanza kukumbushana, yeye solo yake iko kwenye damu, ataitwa mwishoni. Alifurahi hata kwa hilo. Shati la sita, lake mwenyewe, alilirudia kola mara tatu. Mchana alifanya mazoezi kwa gitaa kavu, bila umeme, na kwa upande wa pili wa ukuta Kibonge alilia kwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa godoro.

Sanduku lilirudi siku ya Jumatano. Rithimu alilileta begani. Peke yake.

"Umeona?" Mama Mkaa alimnong'oneza Mama Kibonge. "Kwenda watu wawili na mkokoteni, kurudi bega moja. Mapenzi yanampa mtu nguvu, shoga."

Rithimu alichukua mashati matano, akamkumbatia, akashukuru, akaondoka. Hakukaa kusikiliza. Bi Solo alijifuta mikono, akachomeka pasi, akabonyeza swichi, akakaa kujaza bobini. Mama Kibonge alikuwa kigodani, mtoto kifuani.

Uzi haujazunguka hata robo, spika ikasema *tap*, na chombo kikawa tayari. Kimya. Hakina ngurumo wala nini.

Bi Solo alishangaa. Akaitazama bobini, kisha cherehani. "Mh. Mkanda umelegea," akasema. "Bobini haijazwi tena kwa haraka. Nimezeeka mkono, mwanangu."

Alizima, akatia mafuta cherehani, akarudia. Ikawa vile vile. Siku iliyofuata alikwenda kununua mkanda mpya, akaufunga, akajaza bobini miguu ikikanyaga mbio mpaka jasho likamtoka. Amplifaya ilimshinda tena: kabla uzi haujashika, sauti ilikuwa imeshafika. Alikagua kila kitu chumbani humo ila kile kilichorudi kwa bega moja. Alipopiga ile sauti ya chini, ikatoka safi, haina mafua. "Fundi amemtibu," akasema, akacheka peke yake, na kicheko hakikufika mbali.

Mama Kibonge alikuwa ameona siku ile ile ya Jumatano. Alikuwa kigodani, uso kwa uso na bati la nyuma. Skrubu zilikuwa mpya. Matundu yalikuwa meusi. Kibonge aliacha ziwa, akayatafuta macho yake manne ya rangi ya chungwa, akapeleka kidole tunduni, akageuka kumtazama mama yake. Mama Kibonge alifungua mdomo. Na Bi Solo wakati huo alikuwa mbele ya kioo, amejipima shati lake la bluu juu ya gauni, anajigeuza kushoto na kulia kama msichana.

Akafumba mdomo. Akajiambia, labda ndivyo fundi anavyofanya. Akajiambia, kesho nitasema. Ikaja Alhamisi, ikaja Ijumaa, na Ijumaa Bi Solo alikuwa amelisukuma sanduku mpaka likagusa ukuta, mgongo wake usionekane na mtu.

Jumapili wakaenda wote watatu. Rithimu alikuwa amesema onyesho ni saa kumi na moja. Bi Solo hakuweza kukaa nyumbani. Saa tisa na nusu alikuwa ameshavaa shati, gitaa liko kwenye mfuko wake. Sanduku lilichukuliwa jana yake? Hapana. Rithimu alisema asihangaike nalo, wataliendea wenyewe dakika za mwisho. Hakuja mtu.

Walipofika getini muziki ulikuwa umeshaanza zamani. Watu walikuwa ndani, viti vimejaa, milango iko wazi kwa joto. Bi Solo alifungua mdomo amuulize mlinzi saa ngapi, halafu ikapigwa ile sauti ya chini kabisa. Ikatetemeka. Ikatoa mvumo mdogo puani.

Alisimama. Mkono wake ulimshika Mama Kibonge kwenye nyama ya bega, ukauma.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Ni bitana yangu."

Jukwaani walikuwa watano, mashati ya bluu, magitaa madogo meupe mifukoni. Rithimu alikuwa katikati, mbele, na gitaa alilopiga halikuwa la rithimu. Lilikuwa solo, na wimbo ulikuwa wa Bi Solo mwenyewe, ule aliokuwa akiupiga baada ya kila nguo. Nyuma yake kulikuwa na sanduku jipya jeusi linalong'aa, kona zake za bati.

Bi Solo hakupiga kelele. Alizunguka ukumbi kwa pembeni, akipita kati ya viti na ukuta, akisema "samahani, samahani mwanangu, nipishe," mpaka akafika nyuma ya jukwaa. Mama Kibonge alimfuata, mtoto mgongoni. Nyuma ya sanduku jeusi kulikuwa wazi. Taa zake nne za rangi ya chungwa zilikuwa zimesimama mstarini, zimehamishiwa humo pamoja na spika yake. Kibonge aliziona. Akachekelea kwa sauti, akanyoosha mikono yote miwili kupitia bega la mama yake, akirukaruka kama mtu aliyeonana na ndugu.

Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi. Rithimu aligeuka kunywa maji, akamkuta.

"Dada," akasema. Akaangalia saa. "Dada, umewahi."

"Nimechelewa."

"Usilete mambo mbele za watu, tafadhali."

"Siyaleti. Nimeyakuta."

Rithimu alisogea karibu, akashusha sauti. Mama Kibonge alimwona machoni, na baadaye alijiambia kwamba yule mtu hakuwa akidanganya wakati huo. Pengine ndilo lililouma zaidi. "Nimenunua mashine tatu, dada, nimeuza tatu. Hakuna iliyolia hivi. Sauti hii imenikaa kichwani tangu nilipokushikia tochi. Na wewe umeifungia kwenye chumba, inazipigia suruali na pindo. Inapotea!"

"Ungeniomba."

"Ningeomba, ungenipa?"

"Ningekupa leo leo. Mimi mwenyewe ningeibeba."

"Ndiyo hiyo sasa." Rithimu alitazama kofia yake mkononi. "Ungekuja nayo, na solo ungepiga wewe."

Wa ngoma alikohoa. Wa besi akaangalia viatu vyake, na safari hii hakuchelewa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuna nini. Walijua. Mmoja wao, pengine kwa kutafuta neno lolote la wema, akasema, "Mashati yametukaa vizuri sana, dada."

Bi Solo aliwatazama mmoja mmoja, kuanzia kola hadi pindo, kama anavyotazama nguo kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Alipofika kwa Rithimu akanyoosha kidole, bila kumgusa. "Hicho kifungo cha tatu sikukikaza. Kitaanguka."

Wimbo uliofuata Rithimu aliupiga vibaya. Kila mara mkono ulikimbilia kifuani, na gitaa linataka mikono miwili. Lakini hata alipokosea, mashine ilikosea kwa uzuri. Mama Kibonge alitamani isingekuwa hivyo.

Njiani walipita duka la viatu, wakapita karakana ya pikipiki.

"Tuwaite watu, shangazi," Mama Kibonge akasema. "Uani kuna wanaume. Tuje tulichukue. Nyekundu yako imo ndani, nani atabisha?"

"Nilichukue nilipeleke wapi? Miaka yote nimelitunza kwa sababu wao watano walikuwa ndani." Bi Solo alihamisha gitaa bega. "Leo nimewaona walipo."

Wakatembea. Kisha, bila kugeuza shingo: "Mtoto amezijua zile taa."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi nyumbani alijua kwamba hazipo."

Mama Kibonge alikaza kanga ya mtoto mgongoni. Angeweza kusema mtoto ni mtoto. "Mimi ndiye nilijua," akasema. "Niliona Jumatano. Ulikuwa umejipima shati. Nilishindwa."

Bi Solo alisimama kidogo, akavuta pumzi, akaendelea kutembea, mbele kidogo kuliko mwanzo. "Nilikuwa nimebakiwa na wewe," akasema. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana Mama Kibonge aliyabeba maneno yale mpaka nyumbani kama jiwe kwenye kiatu.

Siku zilizofuata chumba cha Bi Solo kilikuwa na sauti ya cherehani tu. Gitaa lilining'inizwa nyuma ya pazia. Sanduku lile liligeuzwa meza, likawekewa vitambaa vya wateja. Mama Mkaa alitangaza kwamba harusi imevunjika, akasikitika kwa dhati, akairudisha nguo yake kabatini. Mama Kibonge alisalimia asubuhi na jioni, "Shikamoo shangazi," akajibiwa "Marahaba," mlango ukabaki nusu. Kigodani hakuitwa.

Na Kibonge hakulala. Alibembelezwa, alirushwa, alitembezwa kama watoto wengine wote, akakodoa macho tu. Mpaka mchana mmoja, mama yake akiwa amechoka hata kulia, amemlaza kifuani na mgongo umeegemea ukuta ule ule, akajikuta anafanya sauti. Alifunga midomo, akaishusha sauti mpaka chini kabisa, pale inapogusa mifupa ya kifua, akaishikilia. *Mmmmm.* Haikuwa wimbo. Pumzi ilipokaribia kwisha sauti ilitetemeka, ikapitia puani kidogo. Mtoto alilegea mikono. Akalegea miguu. Akalegea midomo.

Mama Kibonge akanyamaza, akamlaza mkekani taratibu.

Upande wa pili cherehani lilikuwa limesimama. Hakujua limesimama tangu lini. Kisha akasikia ukuta unagongwa, mara mbili, kwa kitu kidogo kigumu, kama mkasi, au bobini.

"Mama Kibonge."

"Abee, shangazi."

"Amelala?"

"Amelala."

Kimya kikakaa, kirefu cha kutosha kujaza bobini. Sauti ya Bi Solo iliporudi ilikuwa karibu zaidi, kana kwamba naye ameweka mgongo matofalini.

"Kesho akilala," akasema, "naomba usinyamaze."